Matela Haina Fasi ya Jina

Siku Docteur Xavier alipokuja kanisani kwetu Butembo kuombea hospitali ya watoto kule Beni msaada, tulimsikiliza vizuri sana, kisha tukafanya kinyume cha yote aliyosema. Ninasema mapema ili mtu asidhani ninaficha. Mimi Abdias ndiye mwandishi wa kanisa. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mbele, kalamu mkononi, na orodha ya aibu yetu ni mwandiko wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 2002, mwezi wa kumi. Vita ilikuwa imesukuma watu kutoka upande wa Eringeti na Mabalako mpaka Beni, na watoto walikuwa wanafika hospitalini kwa makumi, wote homa. Docteur, mtu wa Kasai, mrefu, viatu vimechoka kuliko vyetu, aliomba vitu viwili tu. Cha kwanza, matela, yaani magodoro, kwa sababu askari walipita wakabeba zote.

"Kitanda, mutoto anaweza kukosa," alisema. "Matela, hapana. Hata chini, akiwa na matela, atalala."

Cha pili kilitushinda kabisa kuelewa. Alisema vidonge vya malaria tulivyozoea vinaonekana vimeanza kushindwa. Alitaka kuchukua tone la damu kwa kila mtoto mgonjwa, kabla ya dawa na baada ya dawa, ajue ukweli. Ni recherche, utafiti, alisema. Alihitaji makaratasi, mafuta ya groupe, jenereta ya kuwashia mashine, na wazazi wa kukubali.

"Na ku ile karatasi tutaandika jina ya mwenye kutoa?" akauliza Mama Julie, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni.

"Hapana, mama. Namba tu."

"Bila jina? Sasa Mungu atajua namna gani ni nani alitoa?"

Kanisa lilicheka. Hata mchungaji alicheka. Basi hapo ndipo Éliakim akasimama. Éliakim ni shemasi na ana duka la misumari na rangi karibu na soko. Alifunga kwanza vifungo vya koti, akakohoa, akasema, "Familia Éliakim inatoa kitanda! Ya chuma! Na jina itaandikwa kichwani na rangi nyekundu."

Lo, makofi! Mama Julie hakukubali kuachwa nyuma. Kabla makofi hayajaisha alikuwa amesimama: na yeye kitanda, na rangi ya dhahabu. Akasimama wa tatu, wa nne, wa kumi. Docteur aliinua mkono mara mbili kutukumbusha habari ya matela, lakini nani alikuwa anamwona? Matela ni sifongo, haina fasi ya kuandika jina. Mpaka mwisho wa ibada nilikuwa na vitanda ishirini kwenye daftari, na matela sifuri. Éliakim aliuza rangi yote kwa bei ya kanisa, ambayo ilikuwa ni bei ileile ya kila siku.

Kwa ajili ya ile recherche tulipitisha sahani. Ilirudi na makaratasi machache ya pesa zilizochakaa, na kifungo cha shati. Sisemi nani alitia kifungo. Kitanda namba nane kwenye daftari ndicho changu, hilo ninalisema.

Majuma matatu baadaye, Florentine, bibi ya Éliakim, alikuwa amekwenda Mangina na binti yao Christa, wa miaka saba, kusaidia mama yake, Mukaka Berthe, kuvuna maharagwe. Risasi zikaanza, wakakimbia na maharagwe yakabaki shambani. Éliakim alikaa siku tatu bila habari. Siku ya nne mtoto wa jirani akamletea ujumbe kwamba anaitwa ku phonie.

Phonie ya wakati ule, kwa asiyeijua, ilikuwa redio ya mfanyabiashara mmoja. Unakaa kwenye kiti, unabonyeza, unasema, unaachilia na kusema "à vous" ili mwenzako ajibu. Nyuma yako kuna ubao wa kukalia, na kwenye ubao watu kumi wanangoja zamu, na kila neno la bibi yako linatoka kwenye sanduku kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. Hapakuwa na siri Butembo wakati ule.

"Baba Christa, unanipata? À vous."

"Nakupata! Muko wapi? À vous."

"Tuko Beni, ku hospitali. Tuliingia juzi, Siku ya Posho. Christa iko na malaria ya kichwa. Damu ilimwishia mu mwili. Balikamata yangu, njo banamutilia. À vous."

Éliakim alishika meza. "Nyamuhanga, Mungu wangu! Na docteur anasema nini? À vous."

"Anasema tungoje. Anasema alale bila kutikisika, damu iingie pole pole. Lakini halale. À vous."

"Juu ya nini halale? Balimulalisha wapi? À vous."

Sanduku lilikoroma kidogo.

"Ku kitanda yako. À vous."

"Kitanda yangu gani? À vous."

"Ile ya jina yako, Éliakim! Namba tano! Iko chuma mutupu. Anageuka, chuma inamufinya, anaruka, sindano inatoka mu mukono. Ilishatoka mara mbili, na damu inamwangika chini. Damu yangu! Niko namubeba mikononi usiku na muchana, mikono inakufa. Bitanda byote ni vile, majina mazuri, rangi nyekundu, rangi ya dhahabu. Matela iko wapi?"

Alisahau kusema à vous. Mzee mmoja mwenye kuku kwapani akamgusa Éliakim begani.

"Jibu, baba. Anangojea."

"Nakuya nayo," Éliakim akasema. "Nakuya nayo leo. À vous." Lakini Beni ilikuwa imekwisha kukatika.

Alipogeuka, watu wote wa kwenye ubao walikuwa wanatazama miguu yao. Mzee wa kuku ndiye peke yake aliyemwangalia usoni. "Si weye mwenye ulitoa kitanda ya rangi nyekundu?"

"Ni mimi."

"Pole sana," alisema mzee, na alimaanisha.

Éliakim alinunua matela ya sifongo, nzuri, nene. Sasa sehemu inayofuata alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara anaishia kujipiga kofi la kichwa. Mtoto alikuwa anapigania roho yake Beni, camion ya mbao ilikuwa imewasha moteur na dereva anapiga honi, na yeye Éliakim alikuwa dukani kwake amepiga magoti, anatikisa kopo la rangi. Aliandika ÉLIAKIM upana wa matela nzima, herufi kubwa. Alijiambia ni kwa ajili ya wezi.

"Abdias," aliniambia, "mwizi gani anasomaka kwanza?"

Alipanda juu ya mbao, amekumbatia matela yake, rangi mbichi inampaka koti. Barabara ya Beni unaijua, au kama huijui, shukuru. Vizuizi vitatu vya kwanza alilipa. Kwenye cha nne, askari kijana mwenye macho mekundu alipanda gurudumu akapapasa sifongo kwa mkono wazi, taratibu.

"Papa, matela wana ya nani?"

Éliakim akatafuta Lingala yake yote. "Ya mwana na ngai. Azali kobela na lopitalo." Ni ya mtoto wangu, anaumwa hospitalini.

"Biso mpe tolalaka na mabele," askari alisema. Na sisi pia tunalala udongoni. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mambo ya nyumbani kwake.

Éliakim alishuka. Alitoa pesa iliyobaki, askari akaitia mfukoni na mkono wake mwingine ukabaki palepale kwenye matela. Basi shemasi wetu, mtu anayepanga wazee kanisani nani akae mbele, alipiga magoti kwenye tope mbele ya abiria wote, na mmoja wao alikuwa mteja wake wa misumari. Alilia. Alisema jina la mtoto, alisema miaka yake, alisema namba ya kitanda.

Askari alifikiri muda mrefu, kisha akachomoa kisu.

"Bon. Tokabola." Tugawane.

Akaikata katikati kwa uangalifu kama mtu anayekata mkate. Yeye akabaki na ÉLIA. Mwenzetu akapewa KIM. Tena yule kijana alimsaidia kufunga nusu yake kwa kamba, akamwambia amsalimie mtoto, na camion ikaondoka.

Alifika Beni asubuhi, amelala kwenye mbao za camion iliyoharibika nusu ya safari. Aliingia katika chumba cha watoto akikimbia, nusu ya matela kichwani. Vitanda vyetu vilikuwa pale vimepangwa, vizuri kweli, kila kimoja na jina lake kama maduka ya barabara kubwa. Juu ya chuma watu wameweka mabeseni na sufuria. Watoto walikuwa chini, juu ya vikwembe na makartoni.

Namba tano peke yake kilikuwa na mtu. Christa alikuwa amelala juu ya matela.

Ilikuwa matela kuukuu, ya kijivu, kitambaa chake cha maua kimepasuka kwenye kona. Mkono wa mtoto ulikuwa umenyooshwa, damu inashuka tone kwa tone ndani ya mpira, na hakuna kilichokuwa kinatikisika. Florentine alikuwa chini kando ya kitanda, amelala usingizi wa mtu aliyeanguka. Éliakim hakuthubutu kumwamsha.

"Baba, weye ni nani?" aliuliza infirmier, muuguzi aliyekuwa anapita na sindano, anaitwa Gérard.

Éliakim akaonyesha kichwa cha kitanda, penye rangi nyekundu. "Mimi ni... huyu."

Gérard akasoma kitanda. Akasoma nusu ya matela. "Kim?"

"Ingine ilibaki ku barrière ya askari."

"Ah bon." Gérard alikuwa mtu mwema, alijikaza asicheke. "Weka pale chini, kando ya kitanda ya kumi na moja kuko mutoto atatosha juu yake."

"Na ile yenye Christa iko nayo, ni nani alitoa?"

Gérard alionyesha kwa kidevu upande wa nje. Mwanamke mwembamba alikuwa pale kwenye bomba, anafua. "Ni Mama Kavira, wa Eringeti. Alikimbia na mutoto mugongoni na ile matela kichwani. Mutoto alikufa Siku ya Ine."

Éliakim alitoka. Njiani alipanga hotuba, maana mtu hawezi kuacha kuwa shemasi kwa siku moja. Alipofika bombani alisimama wima, akavua kofia, akaanza kwa jina la Bwana na kwa niaba ya familia. Kavira alikamua nguo mpaka mwisho wa sentensi, akauliza, "Ni weye baba ya ule mutoto wa namba tano?"

"Ni mimi. Mama, nitakulipa matela yako. Utaje bei."

"Sikuiuzisha."

"Basi uniambie tu. Juu ya nini uliitoa? Haukutujua."

Kavira alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi. "Bibi yako alikuwa analia mikono usiku muzima. Tulikuwa tunalala karibu. Nilitaka anyamaze nilale." Akaichukua nguo nyingine. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Na pale katikati kuko fasi ya Mardochée, imebonyea. Miaka ine alikuwa analalaka pale. Nilijaribu kuilalia peke yangu. Nilishindwa."

Éliakim alikaa chini kwenye majani, karibu na beseni. Gérard alikuwa amewafuata na karatasi mkononi ya kutia sahihi, na pengine kwa kutaka kusaidia akasema lililobaki.

"Baba, kuko kingine. Mutoto wake alipewa bidonge bya kila siku, kama wote ba wakati ule. Docteur alimuomba mama tone ya damu, mbele na nyuma. Balikuwa batoto zaidi ya makumi mbili. Siku ya Tano docteur alimaliza hesabu, na aliona bidonge havisaidie tena. Palepale akasema kila mutoto mwenye anaingia na malaria ya nguvu apewe kinini mu serum, mu mushipa, saa ya kwanza, bila kungoja. Wako aliingia Siku ya Posho."

Éliakim alihesabu kwa vidole. Ine, Tano, Posho: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alihesabu tena.

"Na makaratasi?" aliuliza polepole. "Ya recherche. Alipata wapi?"

"Alikata daftari ya shule ya mutoto wake mwenyewe. Juu ninyi ba Butembo..." Gérard akaacha hapo kwa heshima.

"Tulitia kifungo ku sahani," akasema Éliakim.

Kavira alikuwa amekwisha kufua. Alisimama, mkono kwenye kiuno. "Docteur aliniambia wazi: haitamusaidia wako, labda wa mwengine. Nikamwambia kamata. Hapana kusema nilikuwa na roho nzuri, baba, nakuona unataka kusema vile. Nilikuwa na kasirani. Nilitaka kile kinamuua mutoto wangu kijulikane. Njo ile tu."

Éliakim alimwambia atakwenda kutafuta rangi. Ataandika MARDOCHÉE kichwani mwa kitanda, herufi kubwa, mtu yeyote akiingia aione. Alikuwa amekwisha kusimama.

"Hapana!" Kavira alisema. "Batoto bataogopa kulala ku jina ya mufu. Futa ile yako tu. Na yenyewe inaogopesha."

Siku nzima, Christa alipokuwa anapata damu na kinini, baba yake alikwangua kitanda kwa kipande cha chupa. Jioni mtoto alifungua macho, akauliza mbona Papa analima kitanda. Ndipo Florentine aliyekuwa hajamsemesha mume wake tangu asubuhi akacheka na kulia pamoja, akamwambia alete kile kipande cha chupa, amsaidie. Rangi haikutoka yote. Dukani kwake tunaambiwa ile rangi haitokagi hata kwa mvua, na kwa mara ya kwanza tulijua hakuwa anatudanganya.

Walirudi Butembo baada ya majuma mawili, Christa amekonda, masikio makubwa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na kwetu, Jumapili ya mwisho wa mwezi, mwandishi anasoma majina ya waliotoa. Ni saa tunayoipenda kuliko mahubiri. Watu wanavaa vizuri siku ile.

Jumamosi Éliakim alikuja kwangu, akakataa kiti. "Andika. Mardochée, wa Eringeti."

"Mardochée wa nani? Kikundi gani, cellule gani?"

"Hana cellule. Andika, tone ya damu, mara mbili."

"Éliakim, ndugu yangu, hii ni orodha ya washirika wa kanisa. Kuna utaratibu. Siwezi tu kuandika mtu ambaye..."

Alinitazama, halafu akatazama shati langu, hapa chini ya kola. "Abdias. Kifungo iko wapi?"

Niliandika. Niliandika kila alilotaka, na aliniambia nisome vilevile bila kuongeza adabu.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilisimama, nikafungua daftari.

"Mardochée, wa Eringeti," nilisoma. "Tone ya damu, mara mbili. Na matela moja, kwa mkono wa mama yake."

Watu waligeuka kutafuta nani atasimama. Mama Julie akauliza kwa sauti, maana yeye hajui kunong'ona, "Huyo ni nani? Anauzishaka wapi?"

"Hauzishi," nilimjibu. "Ni mtoto wa miaka minne. Alikufa."

Mama Julie akakaa chini. Nikaendelea, kwa sababu ukurasa ulikuwa bado.

"Familia Éliakim, kitanda kimoja, bila matela. Mama Julie, kitanda kimoja, bila matela." Jina kwa jina. Nilifikiri watanikatiza, mchungaji atakohoa, mtu atatoka. Hakuna. Kila aliyetajwa aliinamisha kichwa na kungoja litajwe la jirani. Nilifika namba nane, nikafikiri kuliruka, nani angejua? Lakini Éliakim alikuwa amekaa pale mbele, Florentine kando yake, na mtoto katikati yao.

"Abdias, mwandishi," nikasoma. "Kitanda kimoja, bila matela. Na kifungo kimoja."

Ndipo Christa akacheka. Alicheka kwa nguvu, masikio yake makubwa yakitikisika, peke yake katika kanisa zima, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.